Uchambuzi: Baada ya kimbunga, mti gani wa kivuli upandwe uani?

Kimbunga Chido kilipoipiga Mayotte Desemba 14, 2024, na siku iliyofuata kikaingia Msumbiji kupitia wilaya ya Mecúfi, kusini mwa mji wa Pemba, hesabu za kwanza zilikuwa za watu na mapaa: waliofariki, waliojeruhiwa, mabati yaliyong'olewa, shule zilizobomoka. Hesabu hizo zilistahili kutangulizwa. Lakini ipo hasara nyingine ambayo hudhihirika baadaye, pale jua la saa saba mchana linapoikuta familia chini ya bati jipya, bila ya mwembe wala mkungu uliokuwa ukiukinga ua.

Katika pwani hii, mti wa uani si pambo. Chini yake hupikwa, husukwa ukili, husomeshwa watoto, hulazwa mgonjwa anayehitaji hewa, na huamuliwa mashauri ya jirani na jirani. Nyumba ya bati isiyo na kivuli haikaliki mchana wa Januari. Kwa hiyo swali la mti upi upandwe ni swali la makazi, na jibu lake litaamua usalama wa familia hiyo siku upepo utakaporudi.

Upepo haukawii kurudi

Upepo huo umekuwa ukirudi. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita Komoro na kuingia Cabo Delgado, wiki 6 tu baada ya Idai kuuharibu mji wa Beira. Baada ya Chido, jimbo la Nampula lilipigwa na Dikeledi Januari 2025, kisha Jude Machi mwaka huohuo. Tanzania nayo ilionja Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia. Wazee wa Lindi hawajasahau simulizi za dhoruba ya Aprili 1952.

Maana yake ni kwamba mche unaopandwa leo utakutana na kimbunga kingine kabla haujafikia ukubwa wake kamili. Hapo ndipo penye mvutano. Familia iliyounguzwa na jua inataka kivuli cha haraka. Upepo unadai mti uliojijenga polepole.

Wa haraka na wa kudumu

Miti ikuayo haraka mara nyingi huwa na mbao nyepesi. Mkrismasi, ule wenye maua mekundu, hutandaza kivuli kizuri, lakini matawi yake hukatika kwa urahisi. Mwarobaini hustahimili ukame na ni dawa ya wengi, ila ukishakuwa mkubwa shina au matawi yake huweza kuvunjika penye upepo mkali. Mwembe hulisha na hufunika, lakini taji lake ni zito. Usipopunguzwa matawi huwa kama tanga lililoachwa wazi katika tufani. Mnazi hupinda na mara nyingi husalimika, ingawa kivuli chake ni chepesi, na nazi zake hugeuka makombora zikipeperushwa.

Kwa upande mwingine, mkwaju hukua taratibu, huzamisha mizizi na unasifika kwa kustahimili tufani. Mtondoo, unaoota karibu na fukwe, huvumilia chumvi na upepo wa bahari. Mkungu ndio wa kati na kati: hukua kwa kasi ya kuridhisha na huvumilia upepo wa pwani, mradi usipandwe karibu na ukuta, maana mizizi yake husambaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani, waliochunguza miti ya mijini baada ya vimbunga kadhaa, walibaini mambo matatu yanayofaa hata hapa kwetu. Miti iliyopandwa kwa makundi ilisalimika zaidi kuliko mti uliosimama peke yake. Miti iliyopogolewa ipasavyo ilihimili zaidi kuliko iliyoachwa. Na mti mkubwa ulionyimwa nafasi ya mizizi ulianguka upesi. Unahitaji eneo la udongo ulio wazi la takriban mita 9 kwa 9.

Ua wa mtaani hauna nafasi hiyo kila mara. Ndiyo maana busara si kuchagua mti mmoja, bali kupanga zamu. Mipapai, migomba na mbaazi hutoa kivuli ndani ya mwaka mmoja. Mgomba ukianguka haubomoi nyumba. Chini ya kivuli hicho cha muda hupandwa mkungu au mkwaju, upande wa magharibi unakotoka jua kali la alasiri, mbali na paa. Majirani wawili wenye nyua finyu wanaweza kupanda mpakani na kulitunza kundi moja la miti kwa pamoja.

Mche wenyewe nao ukaguliwe. Mche uliokaa mno ndani ya mfuko wa plastiki huwa na mizizi iliyojizungusha kama kamba. Ukipandwa hivyo, unaweza kuonekana wenye afya kwa miaka mingi, kisha ung'oke wote siku ya dhoruba. Mche mdogo wenye mizizi iliyonyooka ni bora kuliko mrefu uliochakaa kitaluni.

Nani anathubutu kupanda mkwaju?

Hata hivyo, ujuzi wa miti hautoshi. Desturi ya pwani inautazama mti wa kudumu kama ushahidi wa umiliki. Ndiyo sababu mwenye ardhi humruhusu mpangaji kupanda muhogo, lakini humkataza kupanda mnazi. Anayepanda mkwaju anatangaza kwamba yeye na wanawe watakuwapo.

Ni watu wangapi wa Cabo Delgado wanaoweza kutoa tangazo hilo? Tangu Oktoba 2017 mashambulizi ya waasi yamewahamisha mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wakaaji wa pwani wenye kuzungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili. Baadhi yao kimbunga kiliwakuta katika viwanja ambavyo si vyao. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya 1997 inasema ardhi ni mali ya Dola, lakini inaitambua haki ya aliyeitumia kwa nia njema kwa miaka isiyopungua 10. Kwa aliyehama mara mbili au tatu, miaka 10 mahali pamoja ni ndoto. Mayotte nako, wakazi wengi wa vibanda vya mabati hawana hati ya kiwanja, na wengine, waliotoka Komoro, hawana hata kibali cha kuishi. Watu hawa hupanda mpapai, na wana sababu yao.

Historia inatuonya kwamba uamuzi wa kupanda upya huishi kuliko dhoruba yenyewe. Aprili 1872, enzi ya Sultani Barghash, kimbunga kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku kisiwa cha Pemba kikinusurika kwa kiasi kikubwa. Karafuu zikahamia Pemba, na hadi leo kisiwa hicho ndicho kitovu cha zao hilo Zanzibar. Upepo wa siku moja, pamoja na maamuzi ya wapandaji waliobaki, uligeuza uchumi wa visiwa viwili kwa zaidi ya karne.

Basi serikali na mashirika ya misaada yanapogawa mabati, yagawe na miche. Lakini yasiridhike kutangaza idadi ya miche iliyotolewa. Maswali ya kuuliza ni mengine: ni miche ya aina gani, mizizi yake ikoje, na anayepewa amehakikishiwa kukaa wapi? Mkuu wa kijiji anayeandika kwamba familia fulani imeruhusiwa kupanda mti wa kudumu kiwanjani mwake amefanya kazi kubwa kuliko lori la miche lililoshushwa barabarani.

Mvua za kaskazini mwa Msumbiji huanza kati ya Novemba na Desemba, msimu uleule wa vimbunga. Hilo lisimtishe mpandaji: mche mfupi upepo huupita juu. Ugumu upo kwa mwanadamu anayesimama na jembe mkononi, akijiuliza kama atakuwapo mkwaju utakapotoa kivuli.