AFYA YA JAMAA: Kansere ya maini, wakati munganga anakatala kupasua



Munganga akisema: « Hii kansere ya maini haiwezi kupasuliwa », jamaa wengi wanasikia tu: « Mugonjwa amekwisha kufa. » Wanamurudisha ku nyumba, wengine wanaanza kutafuta nani amemuloga. Lakini munganga hakusema vile.

Juu ya nini anakatala? Pengine uvimbe ni munene sana, ao vimbe ni vingi, ao maini itakayobakia haitatosha kwa mutu kuishi.

Mufahamu sasa njia ya damu. Maini inapata damu kwa mishipa mbili. Mumoja unatoka ku matumbo, unaleta karibu robo 3 ya damu yote. Ndio unakulisha maini zaidi. Wa pili unatoka upande wa moyo. Kansere inakula sana kwa huu. Basi munganga anaingiza kamupira kembamba mu mushipa wa paja, anakasukuma polepole mpaka ku maini, akiangalia njia mu picha ya radio. Anatia dawa kali palepale ku kansere, kisha anafunga ule mushipa mudogo. Uvimbe unakunywa sumu, tena unakosa chakula.

Mwaka 2002, waganga wa Barcelona na wa Hong Kong walionyesha kama wagonjwa waliochaguliwa vizuri wanaishi zaidi kwa njia hii. Kwa wengine, uvimbe unapunguka mpaka unaweza kupasuliwa. Na Mungu aliumba maini vile: ile inayobakia inakomaa tena.

Tuseme kweli: haiko dawa ya kila mugonjwa. Kama macho ni manjano na tumbo imejaa maji, inaweza kumuua mbio kuliko kansere. Tena inaomba mashini na feza nyingi. Hospitali nyingi za kwetu haziko nayo.

Kwa hiyo tupigane mbele. Kansere nyingi ya maini inatoka ku hepatiti B, na ku sumu ya kuvu ya muhindi na karanga. Bamama, mupeleke watoto ku chanjo kwa juma 6, 10 na 14. Muhindi yenye kuvu musiisage, hata bei ikipanda. Na wewe mwenye hepatiti B, omba ekografi kila miezi 6: uvimbe mudogo, mara nyingi munganga anaweza kuutoa.

Kuomba Mungu na kuuliza munganga haviko na ugomvi. Basi mumuulize: « Haiwezi kupasuliwa leo, ao haiwezi kabisa? »