Ukimfuta Mtu, Usifute na Mchango Wake

Ndugu zangu, mwaka jana nilijitolea kutengeneza daftari la chama kwenye kompyuta. Nikatumia Django: unaandika klasi ya Mwanachama na klasi ya Mchango, unataja uhusiano wao kwa mstari mmoja, nayo inakutengenezea majedwali. SQL hata hujaigusa. Raha tupu!

Jamaa mmoja alipohitimu na kurudi nyumbani, nikafuta jina lake. Baada ya siku chache mweka hazina akanipigia: "Kaka, hesabu za rambirambi hazilingani." Michango yote ya yule jamaa ilikuwa imeondoka naye. Watu wakaanza kunong'ona. Kosa lilikuwa langu: kwenye uhusiano ule nilinakili neno CASCADE, yaani mzazi akifutwa na watoto wanafutika, bila kufikiri. Bahati nzuri nakala ya akiba ilikuwepo.

Tangu toleo la 2.0 la Desemba 2017, Django inakulazimisha uchague. Lakini kuchagua si kuelewa. Kwenye pesa za watu chagua PROTECT, inayokataa kumfuta mtu mwenye michango. Aliyeondoka awekewe tu alama kwamba si mwanachama hai tena.

Sisemi tuache zana hizi, mimi mwenyewe bado nazitumia. Nasema hivi: kabla hujaandika klasi hata moja, chora majedwali yako kwenye karatasi na ujiulize, huyu akiondoka, nini lazima kibaki? Kompyuta haitakuuliza hilo. Na rambirambi ni amana, jamani.