Sumu Anayorudi Nayo Afisa Nyumbani

Tunapozungumzia madhara ya dawa za kulevya, aghalabu fikira zetu humwendea kijana aliyezama humo na mamaye anayehangaika naye. Ni sawa. Lakini yuko mgonjwa mwingine ambaye ni nadra kutajwa: afisa wa polisi anayetumwa kuvunja mlango wa nyumba ambamo dawa hizo hupikwa.

Mwaka 2024 polisi wetu walivamia maabara ya kutengenezea methamfetamini huko Namanga, kaunti ya Kajiado. Watu walitaka kujua wahalifu ni akina nani. Mimi, kwa kuwa ni daktari, niliwaza mapafu ya wale walioingia.

Methamfetamini haimei shambani kama bangi. Hupikwa kwa kemikali. Namna moja iliyoenea Marekani katika miaka ya 1990 ilitumia pseudoefedrini kutoka kwa tembe za mafua, iodini, na fosforasi nyekundu, ile iliyo ubavuni mwa kiberiti. Mchanganyiko huo ukipata moto kupita kiasi hutoa gesi ya fosfini. Aliyeivuta huweza kukohoa kidogo tu, akaenda zake nyumbani, kisha baada ya saa kadhaa mapafu yakajaa maji. Wapishi wengine hutumia amonia, ambayo huchoma macho na koo. Na kwa kila kilo moja ya dawa hubaki kilo 5 hadi 7 za taka, ambazo humwagwa chooni, uani au popote pale.

Katika jimbo la Utah, maafisa wengi wa miaka hiyo waliingia humo na nguo zao za kawaida, bila barakoa. Baadaye wakaanza kulalamika: pumzi fupi, kichwa kuuma, uchovu usioisha, usingizi uliopotea. Wapo waliopata saratani pia. Kama ilitokana na kazi hiyo, ni vigumu kuthibitisha, maana nani ajuaye kila mmoja alivuta nini na kwa muda gani?

Mwaka 2007 ulianzishwa huko mradi wa kuwatibu kwa kuwatoa jasho katika chumba cha joto, pamoja na mazoezi na vitamini. Taarifa ya mwaka 2012 kuhusu maafisa 69 ilisema walipata nafuu. Huenda. Lakini hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, na mtu aliyesikilizwa na kutunzwa wiki kadhaa hujihisi vyema hata bila jasho. Singemtuma mgonjwa wangu huko nikamwambia amepona.

Sasa turudi kwetu. Dawa yenyewe, inapopikwa, huruka hewani na kuganda ukutani, kwenye nguo na kwenye viatu. Afisa akimaliza zamu hurudi kambini, ambako si ajabu familia mbili kutenganishwa na pazia. Viatu huviweka karibu na kitanda. Sare hutiwa katika beseni lile lile la nguo za mtoto, na mkewe huifua kwa mikono mitupu. Mtoto anayetambaa hugusa sakafu kisha hutia vidole mdomoni. Huyu hakuapa kuitumikia serikali.

Haya hayahitaji mashine za mamilioni. Asiingie mtu kabla hewa haijapimwa na wataalamu wa kemikali, tena wenye vifaa vya kupumulia. Kitambaa puani hakizuii gesi. Nguo zibadilishwe na mwili uoshwe kabla ya kupanda gari la kurudi. Vielelezo vya kemikali visirundikwe kituoni, jirani na seli. Na zaidi ya yote, kila afisa apimwe mapafu kabla ya kazi hii na baada yake, na siku, mahali na kemikali zilizokutwa ziandikwe katika faili lake. Bila karatasi hiyo, atakapodai fidia baada ya miaka 10 ataambiwa ni sigara.

Nawe afisa unayesoma haya, macho yakimwagikiwa yaoshe kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitalini. Ukiwa na kikohozi au kifua kubana, usingoje kuche. Na ukifika, mweleze daktari ulikuwa wapi. Najua mmezoea kufunga midomo kuhusu kazi, lakini daktari asiyeambiwa atakuandikia dawa ya mafua akurudishe nyumbani.