Kipuri kipya kikiharibika mapema, nani alipe?

DEREVA mmoja wa teksi, jirani yangu hapa Nairobi, alibadilishiwa pampu ya maji ya gari lake mwaka jana. Wiki ya sita haikuwa imekwisha gari lilipochemka akiwa na abiria katika barabara ya Thika. Lilivutwa hadi kwenye gereji ile ile iliyofanya kazi hiyo, na injini ilipofunguliwa, pampu mpya ilipatikana imevuja na gasketi ya kichwa cha injini imeungua.

Mwenye gereji alimweleza kwamba kasoro ni ya pampu wala si ya ufundi wake, na maadamu pampu aliinunua mwenyewe, basi amwendee aliyemuuzia. Muuzaji aliigeuzageuza pampu mikononi, akasema imeharibiwa na fundi asiyejua kuifunga, kisha akamwonyesha maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Jamaa alipigwa danadana kwa wiki tatu, gari likiwa juu ya mawe na mkopo aliolinunulia ukizidi kudaiwa.

Ni wenye magari wachache nchini ambao hawajawahi kupitia jambo la aina hii. Linaloshangaza ni kwamba malumbano hayo huendeshwa kana kwamba hakuna sheria, ilhali ipo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, iliyoanza kutekelezwa Machi 2013, ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inamtaka mwenye gereji kutoa makadirio ya gharama kabla ya kuanza kazi, na inamkataza kuyapita makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Inamtaka pia amrudishie mteja vipuri vilivyotolewa, isipokuwa kama mteja mwenyewe amesema havihitaji. Muhimu zaidi kwa mjadala huu, fundi huhesabiwa kuwa amedhamini kila kipuri kipya au kilichofanyiwa ukarabati anachofunga, pamoja na kazi ya kukifunga, kwa muda usiopungua siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Haijalishi kama alilitamka neno dhamana au la.

Na yale maandishi ya risiti je? Chini ya sheria iyo hiyo, anayemuuzia mtumiaji bidhaa au huduma huchukuliwa kuwa ameahidi ubora wa kuridhisha, na sharti lolote la kuifuta ahadi hiyo ni batili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mtumiaji haki ya kufidiwa anapopata hasara kutokana na kasoro za bidhaa au huduma. Maandishi yale, basi, hayana nguvu mbele ya kipuri kibovu. Kazi yake ni kumtisha asiyejua.

Ikiwa sheria i wazi hivyo, mbona jirani yangu alikwama? Kwa maoni yangu, alikwama siku ile alipokwenda mwenyewe Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, kutafuta pampu ya bei nafuu.

Sababu yake naielewa. Wateja wengi huamini kwamba fundi akitumwa dukani ataongeza bei na kutia tofauti mfukoni, na mara nyingi hawakosei. Lakini anayenunua kipuri mwenyewe huigawa dhamana vipande viwili. Fundi hubaki na kazi ya mikono yake, muuzaji hubaki na kipuri, na katikati huachwa pengo ambalo kila mmoja anaweza kumsukumia mwenzake. Akiba ya shilingi elfu moja au mbili hugeuka kuwa bei ya kumpoteza mtu mmoja wa kumdai. Na kule dukani kwenyewe, muuzaji hukuuliza kama unataka jenuini au ya kawaida, swali ambalo kwa hakika lingepaswa kumtia yeye mashakani kabla ya mnunuzi.

Mafundi nao wana hoja, na ni haki isikilizwe. Kipuri kizima kinaweza kufa mapema kwa makosa yasiyo yake. Pampu ya maji huharibika haraka iwapo mkanda umekazwa kupita kiasi, au iwapo rejeta hujazwa maji ya mfereji badala ya kipoza injini kinachofaa. Beringi ya gurudumu iliyoingizwa kwa nyundo huanza kulia baada ya majuma machache hata ikiwa halisi. Klachi mpya huteleza kwa sababu oili inavuja kutoka kwenye injini na hakuna aliyejisumbua kubadilisha sili. Ndiyo maana kipuri kilichoharibika ndicho shahidi mkuu. Alama za nyundo, kutu, mafuta, yote husomeka juu yake, na fundi wa tatu asiye na upande anaweza kuyasoma.

Kuna tatizo jingine ambalo sheria haikulitatua. Inataja vipuri vipya na vilivyofanyiwa ukarabati. Magari mengi yetu yaliingia nchini yakiwa yametumika Japan, na huendeshwa kwa injini, gia na alteneta zinazoitwa ex-Japan, ambazo zilitolewa kwenye gari kuukuu na kusafirishwa zilivyo. Hizo si mpya wala hazikukarabatiwa. Anayenunua kitu hicho ataona vigumu kudai siku 90. Hubakiwa na ile ahadi ya jumla ya ubora wa kuridhisha, ambayo hupimwa kwa kuzingatia bei na hali ya kitu chenyewe.

Halafu kuna hesabu ya kilomita. Gari la kwenda kanisani kila Jumapili hufaidi miezi mitatu kamili. Teksi inayotembea kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki, humaliza kilomita 5,000 katika wiki saba. Anayelitegemea gari kwa riziki ndiye mwenye muda mfupi zaidi, na asipoandikiwa kilomita za siku ya ukarabati hana njia rahisi ya kuthibitisha kwamba hajaupita. Hata hivyo, kiwango hicho ni cha chini kabisa. Ahadi ya ubora wa kuridhisha haikufungwa na kilomita.

Pa kwenda kudai papo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mnamo 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mtu huweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Hakimu atataka risiti inayotaja kipuri, karatasi ya kazi, kilomita na kipuri chenyewe.

Jirani yangu alipofikiria kushtaki, alikuwa na risiti iliyoandikwa “pampu 1” bila jina la gari. Pampu yenyewe aliiacha dukani, kwa kuwa muuzaji alisema angempelekea aliyemletea aikague. Aliporudi kuidai aliambiwa ilitupwa pamoja na vyuma chakavu.