Kandanda England: Timu ni mali ya nani?

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti mwaka 2019, mamia ya watu walifika katika uwanja wa Gigg Lane mjini Bury, kaskazini mwa Manchester, wakiwa na mifagio, ndoo na matambara. Hakuna aliyewaajiri. Klabu yao ilikuwa imewaita waje kupangusa viti na kufagia ngazi, kwa kuwa zilikuwapo habari kwamba mnunuzi amepatikana na huenda mechi ikachezwa siku chache baadaye. Wazee kwa vijana walifanya kazi hiyo kwa furaha.

Mchana huohuo mnunuzi alijitoa. Usiku, EFL, chombo kinachosimamia madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu ya England, kilitangaza kwamba Bury imevuliwa uanachama. Klabu iliyoundwa mwaka 1885, iliyotwaa kombe la FA mara mbili, mwaka 1900 na mwaka 1903, na iliyokuwa imecheza katika ligi kwa miaka 125 mfululizo, ilitolewa nje ya mashindano huku viti vyake vikiwa vimetoka kupanguswa.

Ikumbukwe kwamba Bury haikuondolewa kwa kushindwa uwanjani. Miezi michache kabla ya hapo wachezaji wake, ambao baadhi ya mishahara yao ilikuwa haijalipwa, waliipandisha timu hadi daraja la tatu. Kilichoiangusha ni vitabu vya hesabu. Mmiliki wa awali, Stewart Day, aliyeichukua klabu mwaka 2013, aliiendesha kwa matumizi yasiyolingana na mapato, na uwanja wenyewe ukawekwa rehani. Mwezi Disemba mwaka 2018 aliiuza kwa mfanyabiashara Steve Dale kwa bei ya pauni moja. Baadaye Dale alikiri hadharani kwamba hapo awali hakuwa hata akijua kuwa mji wa Bury una timu ya mpira. EFL nayo ilikiri kwamba umiliki ulikuwa umehama kabla ya mmiliki mpya kuthibitisha kuwa anazo fedha za kuiendesha klabu. Kwa maneno mengine, mlinzi wa lango aliomba kuonyeshwa tiketi baada ya mgeni kwisha kuketi ndani.

Kisa cha Bury kinaibua swali ambalo wapenzi wa kandanda nchini Uingereza wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya miaka ishirini, na ambalo sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inajaribu kulijibu: shabiki ana haki gani juu ya kitu anachokipenda lakini kinachomilikiwa na mtu mwingine?

Mteja asiyeweza kuhama

Katika biashara ya kawaida, mteja akiuziwa mkate uliochacha huhamia duka la jirani. Mwenye duka analijua hilo, na hofu ya kupoteza wateja ndiyo inayomfanya awe mwangalifu. Shabiki wa kandanda hana duka la jirani. Aliyelelewa katika timu ya baba yake hawezi kuamka Jumatatu akahamia timu ya mtaa wa pili kwa sababu tiketi huko ni nafuu na vyoo ni safi. Utiifu wake, ambao kila mwenyekiti wa klabu huusifu katika hotuba, ndio huohuo unaompokonya nguvu. Mmiliki mbaya anajua kwamba hata akiharibu, watu watarudi Jumamosi.

Silaha pekee aliyo nayo shabiki ni kutorudi, nayo humuumiza yeye kwanza. Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Blackpool. Mwaka 2010 timu hiyo ya mji wa pwani ilipanda Ligi Kuu na kudumu humo msimu mmoja tu. Mapato makubwa ya msimu ule hayakuonekana katika timu wala katika uwanja. Baadhi ya mashabiki waliomkosoa mmiliki, Owen Oyston, na familia yake walifunguliwa mashtaka ya kashfa. Ndipo maelfu wakaamua kugoma. Kwa miaka kadhaa walibaki nje huku timu yao ikicheza mbele ya viti vitupu na kushuka hadi daraja la nne. Mwezi Novemba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba familia hiyo ilikuwa imechota fedha za klabu isivyo halali, na ikaamuru mwanahisa mwenzao, Valeri Belokon wa Latvia, alipwe pauni zaidi ya milioni 31.

Ni vyema kuliangalia jambo hilo kwa makini. Aliyeshinda kesi ni mwanahisa. Mashabiki walikuwa wakilia kilio hichohicho tangu mwanzo, lakini hawakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha. Mwezi Februari mwaka 2019 mahakama ilimteua mfilisi kusimamia mali za Oyston, na tarehe 9 Machi mashabiki walirejea uwanjani, karibu 16,000 kwa mechi ya daraja la tatu dhidi ya Southend. Kati ya waliogoma wapo watoto waliokua hadi wakawa vijana bila kuiona timu yao nyumbani hata mara moja.

Deni lililoandikwa kwa jina la klabu

Si mbali na Bury uko Old Trafford, na huko kilio ni cha namna nyingine. Manchester United haikufa wala haikukaribia kufa. Hapa lipo jambo linalowachanganya wengi, hasa wasikilizaji wa Afrika Mashariki waliozoea kupima mmiliki kwa vikombe.

Mwezi Mei mwaka 2005 Malcolm Glazer, tajiri wa Marekani, alikamilisha ununuzi wa klabu hiyo kwa kiasi cha pauni milioni 790. Zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikuwa ya mkopo, na sehemu kubwa ya mkopo huo ilibebeshwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na madeni ya maana. Ni sawa na mtu anayekopa fedha kununua basi, kisha deni likaandikwa kwa jina la basi, na nauli za abiria zikatumika kulipa riba. Abiria huendelea kupanda kwa kuwa hawana basi jingine. Kwa hesabu zinazotajwa na wachambuzi wengi wa fedha za kandanda, riba, ada za mikopo na gawio la wanahisa tangu mwaka 2005 vimeigharimu United zaidi ya pauni bilioni moja.

Baadhi ya mashabiki walikata shauri mapema. Mwaka huohuo wa 2005 waliunda klabu yao, FC United of Manchester, inayomilikiwa na wanachama, kila mmoja kura moja, na kuanza kucheza katika daraja la kumi. Wengi walibaki. Na kwa nini wasibaki? Chini ya kocha Alex Ferguson, United ilitwaa ubingwa wa England mwaka 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, na ubingwa wa Ulaya mjini Moscow mwaka 2008. Vikombe viliziba masikio. Mwaka 2010, klabu ilipotoa hati za dhamana za takriban pauni milioni 500 ili kulipa mikopo ya zamani, uwanja ulijaa skafu za kijani na manjano, rangi za Newton Heath, timu iliyozaa United. David Beckham, akiwa mchezaji wa AC Milan, aliivaa skafu hiyo baada ya kufungwa 4-0, kisha akasema masuala ya umiliki hayamhusu. Harakati hizo zilififia timu ilipozidi kushinda.

Ferguson alistaafu mwaka 2013, na ubingwa haujarudi tangu hapo. Haitakuwa haki kusema kwamba familia ya Glazer haikutumia fedha kununua wachezaji, kwani zilitumika nyingi mno, na mara nyingi vibaya. Kilichosahauliwa ni nyumba. Tarehe 12 Mei mwaka 2024, baada ya kufungwa na Arsenal, mvua ilimwagika kutoka kwenye paa la Old Trafford kama maporomoko, na picha zake zilienea ulimwenguni kote.

Mwezi Februari mwaka huohuo Jim Ratcliffe, bilionea Mwingereza aliyezaliwa eneo la Manchester na anayejitambulisha kuwa shabiki wa United, alinunua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa uendeshaji wa soka. Waliotarajia kwamba mtoto wa nyumbani angewaonea huruma walipata jibu: mamia ya wafanyakazi walipunguzwa, na katikati ya msimu bei ya tiketi za mechi zilizosalia ikawekwa kuwa pauni 66, bila nafuu kwa watoto wala wastaafu. Timu ilimaliza msimu wa 2024-25 ikiwa ya 15.

Ukweli usiopendeza

Mashabiki nao si watakatifu. Oktoba mwaka 2021, Mike Ashley alipoiuza Newcastle United baada ya miaka 14 ya manung'uniko, maelfu walicheza ngoma nje ya uwanja kumlaki mnunuzi aliyeongozwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Maswali ya haki za binadamu yaliulizwa zaidi na watu wa nje kuliko wa Newcastle. Wengi hawachukii kumilikiwa, wanachukia kumilikiwa na bahili. Na ni katika tamaa hiyo ya kupata tajiri wa kuwaokoa ndipo watu wa aina ya Dale hupata mlango.

Yalipo majuto, hata hivyo, ipo pia mifano ya nguvu. Aprili mwaka 2021 vilabu 12 vikubwa, sita kati yake vya England, vilitangaza kuanzisha ligi yao ya Ulaya. Mpango huo uliporomoka ndani ya siku mbili, mashabiki wakiwa wamefurika barabarani. Tarehe 2 Mei wale wa United walivamia uwanja wao na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Ujerumani, ambako tangu mwaka 1998 wanachama hubaki na nusu ya kura na moja zaidi, kwa vilabu vyote isipokuwa vichache, mashabiki waliorusha mipira ya tenisi viwanjani walilazimisha ligi kuachana na mpango wa kumwingiza mwekezaji mwezi Februari mwaka 2024. Tofauti ni kwamba kelele za Wajerumani zina kura nyuma yake.

Hesabu hiyo si ngeni Dar es Salaam. Mwaka 2017 Simba ilipompata Mohammed Dewji kuwa mwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, kanuni za nchi zilimwekea ukomo wa asilimia 49, wanachama wakibakiwa na 51. Iwapo asilimia 51 ya wanachama wasio na fedha inaweza kumzuia mwenye 49 na fedha zote, hilo ni suala ambalo Msimbazi na Jangwani bado wanabishana. Lakini wanabishana wakiwa na kadi mkononi. Shabiki wa United anayelipa kiingilio katika kibanda umiza cha Manzese, au anayenunua king'amuzi Muscat, anachangia kulipa riba ileile ya Old Trafford bila kadi, bila kura na bila hata nafasi ya kugoma ikaonekana.

Sheria iliyotiwa saini mwezi Julai mwaka 2025 imeunda msimamizi huru wa kandanda England, mwenye mamlaka ya kutoa leseni, kuwachunguza wamiliki na kuwaondoa wasiofaa, na kulinda nembo, rangi na viwanja. Haikupiga marufuku ununuzi wa klabu kwa mkopo. Ilichelewa pia kuinusuru Sheffield Wednesday, klabu ya mwaka 1867, ambayo baada ya miezi ya mishahara kucheleweshwa iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni tarehe 24 Oktoba mwaka 2025 na kukatwa pointi 12. Siku hiyo mashabiki waliokuwa wamegoma kununua chochote klabuni kwa sababu ya mmiliki, Dejphon Chansiri, walipanga foleni ndefu dukani kununua fulana, wakijua kwamba timu yao imetoka kuadhibiwa.

Huko Bury, mashabiki walikusanya michango na, kwa msaada wa fedha za serikali, uwanja wa Gigg Lane ulinunuliwa mwaka 2022. Mwaka 2023 timu ilirejea kucheza hapo, na katika msimu wa 2024-25 ilitwaa ubingwa wa ligi ya daraja la tisa, mbele ya maelfu ya watu walioketi kwenye viti vilevile.