Ramli Si Maono

Imekita mizizi katika nchi ya Wasukuma, na hapa Simiyu kuanzia Bariadi hata Meatu, dhana ya kwamba aliyejaaliwa kuona ya ghaibu ni yule awezaye kumtaja jirani aliyemroga mtoto au aliyemwua ng'ombe, na watu watokapo kwake husema kwa yakini, "ameona." Dhana hiyo naikana, na nitaanza na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha iliyatenga mambo haya zamani, kabla sisi hatujayachanganya.

Ramli kwa asili ya Kiarabu ni mchanga, uliochorwa nukta na mistari. Na kwetu hata mchanga hauhitajiwi, maana mganga humpasua kuku akasoma ndani yake, jina likabaki lile lile. Njozi na ruya humjia mtu usingizini pasipo kulipiwa. Ilhamu humshukia moyoni hali yu macho, ikamtuma kutenda. Na busara, ambayo wengi huidhani kuwa ni upole wa wazee tu, asili yake ni kuona: kule kuona kwa moyo kunakolipita jicho. Hata dira ya mabaharia, iliyosafiri kutoka pwani ikaja kuipa jina Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, haimtaji adui. Humwonyesha nahodha upande wa kwendea, ikamwachia yeye kazi ya tanga na usukani. Katika maneno yote haya ni ramli peke yake iliyopachikwa sifa ya "chonganishi", wala haikupachikwa bure.

Kwani hutajwa nani? Aghalabu ni bibi kizee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi wa samadi kavu, ambayo ndiyo kuni katika nchi iliyopungukiwa na miti, na moto huo aliukoka miaka na miaka akiwapikia hao hao wanaomshuku. Ni kuona gani huku, kusikouona moshi ulio jikoni, kukadai kuuona uchawi ulio gizani? Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Lakini marufuku humfumba mganga mdomo, haimwondolei mteja itikadi kwamba alichokinunua kilikuwa maono.

Mwenye maono, tukimtaka, tumtafute kwa yule aliyetoboa ukuta wa jiko la mama yake akaweka dohani, moshi ukapata pa kutokea.