Mji Unaompokea Mtu Mmoja

Likizo inapokaribia, wakazi wengi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huulizana ni mji gani una mambo mengi ya kutazama, na kwa familia au kundi la marafiki swali hilo linatosha, kwa sababu walio pamoja hubeba mazungumzo yao, meza yao na ulinzi wao popote waendapo. Kwa mtu anayesafiri peke yake kipimo hicho hakitoshi hata kidogo. Makumbusho na ngome humalizika kwa saa tatu au nne za mchana, ilhali siku ina chai ya asubuhi, mlo wa mchana, alasiri ndefu na usiku, na saa hizo zote msafiri huyo huzipitisha akitegemea jinsi mji wenyewe ulivyozoea kuishi na mtu asiye na mwenzake. Safu hii inashikilia kwamba uchaguzi uanzie hapo: mtu mmoja atakula wapi bila kuonekana pungufu, atakaa wapi bila kuulizwa anamngoja nani, na atafikaje kitandani kwake giza likishaingia.

Pwani ya Afrika Mashariki ililitambua jambo hili zamani sana. Ibn Battuta, aliyeondoka kwao Tangier mwaka 1325 bila mwenzi wa safari, alipofika Mogadishu miaka michache baadaye alikuta utaratibu uliokamilika: vijana wa mji waliyafuata majahazi kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, na mfanyabiashara aliyekabidhiwa sahani hiyo alihesabiwa tangu saa ile kuwa mgeni wa aliyempa, akalala nyumbani kwake na kuuza bidhaa zake kwa mkono wake. Wenyeji walipata faida yao, hilo halina ubishi, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mtu asiyejuana na yeyote hakuachwa bandarini akitafuta pa kulala. Kutoka hapo msafiri huyo alipita Mombasa na kuendelea hadi Kilwa, na mahali alipopokewa vizuri hakusahau kupataja.

Katika zama zetu kazi hiyo ya kupokea imeachiwa jamaa. Mtu wa Afrika Mashariki husafiri kwenda kwa mtu, awe shangazi, binamu au rafiki wa shuleni, tena husafiri kwa sababu inayotajika: harusi, msiba, matibabu, mzigo. Anayeaga kwamba anakwenda Mombasa siku nne kupumzika tu, na anakwenda peke yake, huulizwa amegombana na nani. Swali hilo lina mapenzi ndani yake, lakini huwaumiza watu wasiostahili kuumizwa: muuguzi ambaye zamu zake hazilingani na za mumewe, mwalimu ambaye hajaoa na hana haraka, mjane aliyelea wanawe hadi wakajitegemea na sasa anataka kuuona mji aliousikia redioni tangu utotoni. Watu hawa hawahitaji kuhurumiwa. Wanachohitaji ni ushauri wa maana kama ule wanaopewa wenzi wa fungate, na ushauri huo ni adimu.

Gharama inayompambanua msafiri wa peke yake ni chumba. Hoteli nyingi za kitalii hutangaza bei kwa kila mtu kwa dhana kwamba wawili watalala chumba kimoja, na anayefika peke yake hutozwa nyongeza ya mtu mmoja, yaani kiasi kinachowekwa juu ya bei yake ili kufidia nafasi ya pili isiyo na mlalaji, ambacho mahali pengine hukaribia bei ya mtu wa pili mzima. Nyumba za wageni, ambazo wengi huziita gesti, kwa kawaida hutoza chumba bila kuhesabu vichwa, na baadhi zina vyumba vidogo vya kitanda kimoja vyenye bei yake. Kwa hiyo mji wenye gesti safi katikati yake humfaa mtu mmoja kuliko eneo ambalo malazi yake yamejipanga kando ya ufuo, kila hoteli ndani ya ukuta wake. Tofauti hiyo huonekana hata ndani ya kisiwa kimoja cha Unguja: anayelala ufuoni Kiwengwa peke yake hulipia utulivu ambao wengine wameununua wakiwa wawili, na akitaka kutoka hulipa teksi nzima, ilhali anayelala Mji Mkongwe hutoka kwa miguu.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ndio mfano bora zaidi wa hoja hii. Eneo lake lililohifadhiwa ni hekta 96, kiasi ambacho mtu hukizunguka kwa siku moja na kukifahamu kwa siku tatu, na vichochoro vyake vingi ni vyembamba mno kwa gari kupita. Boti ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam hufika kwa takriban saa mbili katika bandari ya Malindi, iliyo ukingoni mwa mji huo, na aliyebeba begi moja anaweza kutembea hadi gesti yake bila kumlipa mtu yeyote.

Jioni, bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2009, huligeuza tatizo kubwa la msafiri wa peke yake, yaani meza, kuwa jambo lisilokuwepo. Mkahawani mtu mmoja hukalia meza ya watu wanne, mhudumu humuuliza kama mwenzake yu njiani, na chakula kilichopikwa kwa kushirikiana, kama vile sinia la biriani au samaki mzima, humshinda. Forodhani kila kitu kimekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Mpishi hutandaza donge la unga mpaka likawa jembamba kama karatasi, huweka nyama ya kusaga, kitunguu na yai, hukunja pembe nne na kukaanga juu ya chuma cha moto, kisha hukikabidhi kile ambacho Wazanzibari wenyewe wanakiita pizza kwa yeyote aliyesimama mbele yake. Pembeni, mkamua miwa hupitisha muwa mashineni, hukunja makapi pamoja na ndimu na tangawizi, na kuyapitisha tena. Mishkaki huuzwa kwa kijiti, urojo kwa bakuli, na mlaji huketi juu ya ukuta unaotazama bahari, bega kwa bega na familia zilizoleta watoto kupunga upepo. Aliye peke yake na aliyekuja na watu kumi hula kwa namna ileile. Jambo moja tu la kuangaliwa ni bei, ambayo hupaswa kutajwa kabla kijiti hakijawekwa juu ya makaa, hasa kwa samaki na kamba.

Mchana, nafasi ya Forodhani huchukuliwa na baraza, yaani benchi la mawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa nje wa nyumba, ambalo ni mali ya mwenye nyumba lakini hukaliwa na mtaa. Mwanasosholojia Mmarekani Ray Oldenburg, katika kitabu alichokitoa mwaka 1989, alipendekeza dhana ya mahali pa tatu, akimaanisha sehemu ambayo si nyumbani wala kazini, ambako watu hukutana bila kualikana na bila kulazimika kununua kitu kikubwa. Naye alihuzunika kwamba miji ya kwao ilikuwa inazipoteza. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana dhana hiyo, kwa kuwa ameikalia tangu utoto. Mtaani Sokomuhogo, kwenye njia panda inayojulikana kama Jaws Corner, wazee na vijana hunywa kahawa chungu katika vikombe visivyo na mkono, hutafuna kashata, hucheza dhumna na bao, na hubishana kuhusu siasa na mpira. Mgeni anayejua kuamkia huketi kwa bei ya kikombe kimoja. Ndiyo maana msafiri anayezungumza Kiswahili ana utajiri ambao mtalii aliyetoka mbali hawezi kuununua, na inasikitisha kuona wengi wakiuacha ili waende kukaa kimya kando ya bwawa la kuogelea.

Baraza hulinda pia. Jane Jacobs, aliyeandika kuhusu miji ya Marekani mwaka 1961, alieleza kwamba usalama wa mtaa hutokana kwanza na macho ya mtaani, yaani wakazi na wenye maduka ambao shughuli zao huwafanya watazame njia saa zote, na askari huja baada yao. Kichochoro chenye wakaaji wa baraza kina macho hayo, na kichochoro ambacho nyumba zake zote zimegeuzwa hoteli, milango ikafungwa na mabaraza yakawekewa vyungu vya maua, kimeyapoteza. Msafiri wa peke yake, akichagua mtaa wa kulala, hufanya vyema kuuliza kama majirani wa gesti ni wakazi.

Hapa pana jambo ambalo haifai kulipita kimyakimya. Baraza, kahawa na dhumna ni mambo ambayo kwa sehemu kubwa yamekaliwa na wanaume, na msafiri mwanamke akielezwa kuwa mji ni salama kwa sababu ya baraza huelezwa nusu ya habari. Kwake kipimo cha kuaminika zaidi ni mahali ambapo wanawake wa mji wenyewe hukaa jioni na watoto wao. Forodhani ni mahali hapo kwa Unguja, na kwa Mombasa ni ufuo wa Mama Ngina, ambako watu hula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na kunywa madafu, wakizitazama meli zinazoingia Kilindini. Mavazi ya stara humpunguzia usumbufu. Papasi, jina wanaloitwa Unguja vijana wanaomfuata mgeni wakijitolea kumwongoza ili wapate kamisheni ya hoteli na maduka, humfuata zaidi anayeonekana kupotea, na ahsante moja ya Kiswahili chenye uthabiti huwatosha wengi wao. Gesti yenye mlinzi wa usiku na mwenyeji anayejua jina la mgeni wake ina thamani kuliko yenye mandhari.

Saa ya kuwasili nayo hubadilisha mji. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari mwaka 2017, imemfanya mkazi wa Nairobi aione Mombasa kuwa karibu, lakini stesheni yake iko Miritini, bara, mbali na Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kundi la watu wanne hugawana teksi na kucheka njiani. Mtu mmoja anayeshuka usiku hulipa yote, tena hupita mitaa asiyoijua akiwa na dereva asiyemjua. Mombasa ileile, kwa anayeshuka mchana, ni mji mkarimu wenye mahamri na mbaazi asubuhi na viazi karai jioni. Ratiba inayomfikisha mtu kukiwa na mwanga inafaa kuchaguliwa hata kama nauli yake ni ya juu kidogo.

Lamu ni ndogo kuliko yote, hekta 16 hivi za mji uliohifadhiwa, na hakuna mahali pa pwani panapotembeleka kwa urahisi zaidi kwa miguu. Lakini hulala mapema, na asiyependa usiku mrefu wa kimya aitembelee baada ya kuzoea kusafiri peke yake.

Kigali husifiwa kwa usalama, na sifa hiyo ni ya haki. Pikipiki zake hubeba abiria mmoja tu, naye hupewa kofia ngumu, kwa hiyo usafiri wa mjini umekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Hata hivyo ni mji wa vilima, ambako umbali unaoonekana mfupi kwenye ramani huwa mpando wa kutoa jasho, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi shughuli husimama asubuhi kwa ajili ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, ambayo humkuta mgeni asiye na habari akitafuta chai. Wengi huenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Anayetoka hapo akiwa na wenzake hupata wa kusema naye. Anayetoka peke yake asirudi moja kwa moja chumbani. Aende Biryogo, mtaa wa Nyamirambo wenye Waislamu wengi, ambako Kiswahili husikika na meza zimepangwa katika njia iliyofungwa kwa magari, aagize chai ya maziwa na kukaa kati ya watu. Tahadhari hiyo inafaa pia kwa anayetembelea Mkunazini, Unguja, ambako kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Wakati wa kwenda hutegemea mtu anataka nini. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar mwezi Februari, huwarahisishia wageni kuzoeana, ila vyumba hupanda bei. Masika, kati ya Machi na Mei, hushusha bei na huwafungia watu ndani. Katika Ramadhani mikahawa mingi ya Mji Mkongwe hufungwa mchana, na asiyejiandaa huhangaika; lakini baada ya magharibi, futari ikishaliwa, mitaa hujaa hadi usiku wa manane, na mgeni aliyeketi peke yake barazani mara nyingi hukaribishwa kabla hajasema lolote.